Nani Anaipasha Dunia Joto?



Katika madarasa ya kisomo cha watu wazima yako maswali ambayo mwalimu hawezi kuyajibu kwa dakika mbili na kuendelea na somo. Moja ni hili. Mama mmoja, mkulima wa mtama na karanga, alisimama akasema: "Mwalimu, redioni wanasema dunia inapata joto kwa sababu tunakata miti. Mimi mzigo mmoja wa kuni napikia siku tatu. Hizo kuni zangu ndizo zinazochoma dunia nzima?" Darasa likacheka. Lakini yule mama hakuwa anatania.

Swali lake ni la haki, na jibu lake lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni joto la dunia nzima: limetoka wapi, na nani kalileta. Sehemu ya pili ni ardhi ya kijiji: miti yake, majani yake, visima vyake na udongo wake. Watu wengi huzichanganya sehemu hizi mbili, hata baadhi ya wataalamu wanaokuja kuhutubia mikutano. Ni kama daftari mbili za mwenye duka. Ukiandika deni la huku kwenye daftari la kule, utamdai asiyehusika, na mwenye deni atapita mbele ya duka akipiga mluzi.

Basi tuzifungue moja moja.

BLANKETI LA DUNIA

Wanaolala karibu na zizi wanalijua jambo hili. Mwezi wa Juni au Julai, anga ikiwa safi na nyota zote zinaonekana, usiku huwa na baridi kali. Lakini usiku ambao mawingu yametanda, baridi hupungua. Kwa nini? Mchana jua huipasha ardhi joto. Usiku ardhi hulitoa joto lile, nalo hupanda kwenda juu. Kama hakuna cha kulizuia, linapotea. Mawingu yakiwapo, huzuia sehemu ya joto hilo na kuirudisha chini kwetu.

Sasa, mbali na mawingu, ndani ya hewa yenyewe mna vitu visivyoonekana kwa macho vinavyofanya kazi kama hiyo, usiku na mchana. Katika vile vinavyoongezwa na binadamu, kikubwa ni hewa ya ukaa. Hewa hii hutoka kila inapoungua kuni, mkaa, makaa ya mawe, dizeli, petroli au mafuta ya taa. Sisi na mifugo yetu tunaitoa tunapopumua. Mimea huivuta, na kwayo hujijengea shina, majani na mizizi. Gunia la mkaa mweusi unaloliona barabarani ni ukaa uliokuwa hewani, mti ukaukusanya kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Hewa hii si adui. Bila blanketi hili dunia ingekuwa baridi mno, hata mtama usingeota. Ubaya ni kuongeza blanketi juu ya blanketi wakati mtu ameshapata joto la kumtosha.

Wapo wanaosema habari hizi zimezushwa juzi. Si kweli. Mwaka 1896 mtaalamu wa Sweden, Svante Arrhenius, alipiga hesabu kwa kalamu na karatasi, akaonyesha kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka dunia itapata joto. Mwaka 1958 Mmarekani Charles Keeling alianza kuipima hewa hiyo juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii, mbali na moshi wa miji. Upimaji huo umeendelea kwa zaidi ya miaka 60. Kabla ya enzi ya viwanda, ungegawa hewa mafungu milioni 1, mafungu 280 yangekuwa hewa ya ukaa. Keeling alipoanza, yalikuwa kama 315. Mwaka 2024 yalikuwa yameshapita 420.

Mtu atasema: "Aa, mafungu 420 katika milioni ni kitu gani?" Mkumbushe josho. Dawa inayotiwa kwenye josho ni kidogo sana ukiilinganisha na maji. Lakini kupe wanakufa.

Je, joto limepanda kiasi gani? Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko miaka yote tangu watu waanze kupima. Joto la wastani la dunia lilizidi lile la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.5 hivi. Usiidharau nyuzi 1 na nusu. Mwili wa mtu mzima mwenye afya una joto la nyuzi 37. Likifika nyuzi 38 na nusu hatusemi "ameongezeka kidogo tu". Tunasema ana homa, na tunampeleka zahanati.

UKAA HUU ULIKUWA UMEZIKWA

Zamani sana, kabla ya kuwapo binadamu, misitu ilianguka katika vinamasi ikafunikwa na udongo. Baada ya mamilioni ya miaka ikageuka makaa ya mawe. Hapa Tanzania makaa hayo yapo Kiwira na Ngaka. Mafuta ya petroli nayo yalitokana na viumbe wadogo wa baharini waliofunikwa vivyo hivyo. Ukaa huo wote ulikuwa umezikwa, hauna madhara kwa mtu.

Kuanzia karne ya 18 Waingereza walianza kuufukua na kuuchoma kwa wingi ili kuendesha mashine. Nchi nyingine za Ulaya zikafuata, na Marekani, na Japani. Wakapata viwanda, treni, meli, umeme, magari, ndege. Wakatajirika. Siwaonei wivu, lakini hesabu ni hesabu. Tangu mwanzo mpaka sasa, katika hewa yote ya ukaa iliyotokana na makaa, mafuta na gesi, karibu robo imetoka nchi moja tu, Marekani. Siku hizi Uchina ndiyo inayotoa nyingi kuliko wote kwa mwaka. Ukigawa kwa vichwa, Mmarekani mmoja hutoa kama tani 14 kwa mwaka. Mtanzania mmoja hafikishi hata nusu tani. Afrika nzima, yenye zaidi ya mtu 1 katika kila watu 6 wa dunia, hutoa kama sehemu 4 tu katika kila 100.

Sasa turudi kwenye kuni za mama. Aliokota matawi makavu, akakata na tawi la mgunga. Mgunga ule utachipua. Ukaa uliotoka jikoni kwake utavutwa tena na machipukizi. Ni kama kuazima debe la mahindi ghalani na kulirudisha msimu ujao. Lakini makaa ya mawe hayachipui. Anayeyachoma anaazima debe asiloweza kulirudisha. Karibu nusu ya hewa ya ukaa inayotolewa huvutwa na mimea na bahari. Inayobaki huning'inia juu yetu, na sehemu yake hukaa mamia ya miaka. Kwa hiyo hata leo tumefunikwa na ukaa wa treni za Ulaya zilizokwenda kwa mvuke kabla babu zetu hawajazaliwa.

Basi jibu la kwanza kwa mama ni hili: hapana, si kuni zako.

Hata hivyo tusijisafishe kupita kiasi. Pori likifyekwa lote, likachomwa moto na visiki vikang'olewa, hapo hakuna cha kuchipua. Hilo ni deni lisilolipwa, na ni letu. Serikali imekadiria kwamba Tanzania hupoteza zaidi ya hekta 400,000 za misitu kila mwaka. Hewa ya ukaa tunayotoa sisi hutoka zaidi huko kuliko viwandani, maana viwanda vyenyewe ni vichache.

Na ng'ombe je? Ng'ombe anapocheua hutoa mdomoni hewa nyingine iitwayo methani. Haidumu sana angani, lakini muda inapokuwapo hupasha joto kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa. Mashamba ya mpunga yanayosimama maji huitoa pia. Hapa najua wafugaji wataninunia. Sisemi mtu auze ng'ombe wake. Nasema ng'ombe aliyekonda hucheua kama mwenzake aliyeshiba, na maziwa hana.

MBONA UKAME NA MAFURIKO VINAKUJA PAMOJA?

Swali hili nalo huulizwa sana. Kama dunia ina joto, si ingekauka tu?

Angalia nguo kwenye kamba. Siku ya jua kali hukauka upesi, kwa sababu hewa yenye joto huyanywa maji kwa haraka. Hewa hiyohiyo hunywa maji ya shamba lako, ya lambo lako na ya majani ya malisho. Tena hewa yenye joto huweza kubeba maji mengi zaidi: kila nyuzi 1 ikiongezeka, uwezo wa kubeba huongezeka kwa asilimia 7 hivi. Ni kama mtu kabadilisha ndoo ndogo kwa kubwa. Ndoo kubwa huchelewa kujaa. Ikimwagwa, humwaga mengi kwa mara moja.

Haya tumeyaona. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilishindwa misimu 5 mfululizo katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia, na Somalia. Kwetu, mwanzoni mwa 2022, wafugaji wa Simanjiro na Longido walihesabu mizoga. Kisha vuli ya 2023 mvua ikaja kwa fujo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang mpaka mji mdogo wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Mwaka ule kulikuwa na El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yalipata joto kuliko kawaida na kuvuruga mvua za dunia. El Niño ipo tangu zamani, haikuletwa na viwanda. Lakini siku hizi inapokuja inakuta ndoo ni kubwa.

Wavuvi wa Ziwa Victoria nao wana yao. Mei 2020 maji ya ziwa yalipanda mpaka kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Nyumba, vyoo na mialo vikaingia majini. Mwaka 2024 maji yakapanda tena.

Jambo moja la kuangalia. Si kila baya lina chanzo kimoja. Chukua barafu ya Kilimanjaro. Mwaka 1912 ilifunika eneo la kama kilometa 12 za mraba. Mwaka 2011 hazikufika 2. Wako wanaosema wachoma mkaa wa Moshi ndio walioiyeyusha. Wataalamu walioupima mlima wanasema barafu ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya kule juu ilipozidi kuwa kavu na theluji kupungua, na joto la dunia likaongezea hapo. Tena maji wanayotumia watu wa mlimani hutoka zaidi kwenye msitu unaouzunguka mlima, unaokinga mvua na ukungu, kuliko kwenye barafu. Kwa hiyo mwenye kuukata msitu ule hajayeyusha barafu, lakini amekata maji ya jirani zake.

Mnaona jinsi daftari la pili linavyoanza kufunguka.

SHINYANGA ILIVYOPOTEZA MITI, NA ILIVYOIRUDISHA

Ngitili ni neno la Kisukuma. Maana yake ni eneo la malisho linalofungwa. Mvua zikianza, mifugo hairuhusiwi kuingia. Majani hukua, miti midogo hupona. Kiangazi kikikaza na malisho ya nje yakiisha, ngitili hufunguliwa, kwanza kwa ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Kulikuwa na ngitili za familia na ngitili za watu wote. Hakuna mtaalamu aliyewafundisha wazee jambo hili.

Kisha mambo yakaharibika, na si kwa siku moja. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya mkoloni ilifyeka mapori makubwa ya Shinyanga ili kuua mbung'o. Mbung'o wakapungua, na miti ikaondoka. Pamba ikaja, watu wakafungua mashamba mapana. Ng'ombe wakaongezeka. Mwaka 1974 watu walipohamishiwa katika vijiji, ngitili nyingi zilibaki mbali, hazina wa kuzilinda, maana mwenyewe anakaa kwingine. Hili si la kulaumu vijiji. Vijiji vilileta shule na visima. Lakini ngitili zilikufa.

Ikafika mahali mama anatembea nusu siku kutafuta kuni, na nyumba nyingine zikawa zinapikia samadi na mabua ya pamba. Samadi ikiishia jikoni, shamba linakula nini? Watu wakauita mkoa ule jangwa la Tanzania. Mwalimu Nyerere alipoutembelea mwaka 1984 alishtushwa na hali aliyoikuta. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, watu wakauita HASHI, kwa msaada wa Norway.

Mwanzoni mradi ulifanya kama miradi mingine: vitalu, miche, siku ya kupanda miti, hotuba. Miche mingi ililiwa na mbuzi au ikakauka. Baadaye wataalamu wakakaa chini na wazee wakawauliza: zamani mlifanyaje? Wazee wakasema: ngitili. Hapo ndipo kazi ilipokwenda. Kumbe ardhini mlikuwa bado mna visiki na mizizi hai. Havikuhitaji kupandwa. Vilihitaji kuachwa vipumue.

Vijiji vikaweka mipaka na sheria ndogo. Dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, likakata kesi za walioingiza mifugo kwa wizi, na sungusungu wakalinda. Mtu alitozwa faini na wenzake, si na ofisa aliyekuja kwa gari. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule. (Baadhi ya vijiji hivyo sasa vimo Simiyu na Geita.) Kuni zikasogea karibu. Zikarudi dawa za miti shamba, uyoga, asali, ndege, na majani ya kuezekea. Mifugo ikapata cha kula mwezi wa Septemba.

Je, mvua ya Shinyanga iliongezeka? Hapana, sitawadanganya. Ngitili moja haiamrishi mawingu. Lakini mvua ileile iliyonyesha sasa ilikuta majani na mizizi, ikaingia ardhini badala ya kukimbilia mtoni na udongo wetu. Hiyo ndiyo tofauti. Na ukaa uliovutwa na miti ile ni nyongeza kwa dunia. Wao walijifanyia malisho na kuni.

KAZI ZA MSIMU HUU

Wewe usiye na ngitili waweza kuanza na kisiki kimoja. Dodoma njia hii wanaiita Kisiki Hai. Tafuta kisiki kinachochipua shambani. Chagua machipukizi 3 mpaka 5 yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine yakate. Punguza matawi ya chini. Funga kitambaa ili mlimaji na mchungaji wajue kina mwenyewe. Baada ya mwaka rudi upunguze tena. Matawi unayoyakata ndiyo kuni zako.

Jikoni, jiko banifu la udongo hupunguza sana kuni na moshi. Mafiga matatu hupeleka moto mwingi nje kuliko chini ya chungu, na macho ya akina mama yanajua. Mkaa ni hasara kubwa zaidi: kwa tanuri letu la udongo, kilo 1 ya mkaa hula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Serikali ilitoa mkakati mwaka 2024 kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Ni nia njema. Lakini mtungi wa gesi wa kugawiwa hauna kazi ikiwa hela ya kuujaza tena hakuna. Hili wananchi walisema wazi mikutanoni, wasiogope.

Shambani, zuia maji. Ukilima matuta, weka vizuizi kati ya tuta na tuta, maji yasimame na kuzama. Wazee wa Usukuma wanaikumbuka kazi hii kwa uchungu. Mkoloni aliwalazimisha kwa sheria na faini katika miaka ya 1940 na 1950, wakamchukia yeye na vizuizi vyake. Kazi ilikuwa nzuri, mwendo wake ndio ulikuwa mbaya. Leo hakuna anayekulazimisha, basi jaribu robo eka uone.

Mbegu za muda mfupi, kama mtama aina ya Macia, huwahi kukomaa kabla mvua haijakatika. Wengi watasema mtama huliwa na kwelea kwelea. Kweli. Ndiyo sababu yafaa majirani wapande kwa pamoja, ndege wagawane mashamba mengi, wasimwangukie mmoja.

Na soma utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza habari za vuli kila mwaka karibu na mwisho wa Agosti, na za masika mwezi Januari au Februari. Maneno yake yana maana maalumu. "Wastani" ni kiasi cha mvua cha kawaida kilichopatikana kwa miaka mingi mahali hapo. "Chini ya wastani" si kwamba mvua haitanyesha, ni kwamba huenda ikapungua kawaida yake. Hapo punguza eka za mahindi, ongeza mtama, uwele na muhogo. Utabiri unaweza kukosea. Kalenda ya babu nayo siku hizi inakosea, na mara nyingi zaidi.

WAKUBWA NAO?

Mwenye deni kubwa ndiye anayepaswa kulipa kwanza. Mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro yakatia saini mkataba wa hali ya hewa. Mwaka 2015, Paris, yakakubaliana kuzuia joto lisipande nyuzi 2 kuliko zamani, na kujitahidi lisizidi 1.5. Kazi yenyewe inajulikana: kuacha makaa ya mawe na mafuta, kutumia umeme wa jua, upepo na maji. Umeme wa jua umeshuka bei sana katika miaka hii, hata vijijini mnaona vibao vyake juu ya bati. Lakini siasa huvuta nyuma. Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kuitoa nchi yake katika mapatano ya Paris kwa mara ya pili.

Fedha je? Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kuzipa nchi maskini dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu zao wenyewe walifikisha kiasi hicho mwaka 2022. Na sehemu kubwa ya fedha hizo ni mikopo. Yaani aliyekuvunjia chungu anakukopesha hela ya kununua kingine.

MKATABA WA HEWA YA UKAA: SOMA KABLA YA KUTIA SAINI

Kuna biashara mpya inayofika vijijini. Kampuni inakuja na kusema: tunzeni msitu wenu, sisi tutauza nje ukaa uliohifadhiwa humo, na kijiji kitapata fedha. Biashara hii ipo kweli. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, Mkoa wa Manyara, waliianza tangu miaka ya mwanzo ya 2010. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, vimejengea madarasa na zahanati kwa fedha zake. Serikali imetunga kanuni za biashara hii mwaka 2022, na kipo kituo cha taifa cha kufuatilia hewa ya ukaa katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Lakini anayenunua ni nani? Mara nyingi ni mwenye kiwanda au ndege huko mbali, anayetaka kusema, "Mimi nimechafua, lakini nimelipia msitu Tanzania." Daftari mbili zinakutana hapo. Kwa hiyo kijiji kisikae mezani kama mwombaji. Kimekuja na mali.

Mikataba hii huwa ya miaka 20, 30 au zaidi. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa mzazi kabla haujaisha. Uliza: katika kila shilingi 100 zinazouzwa, kijiji kinapata ngapi, na kampuni inabaki na ngapi? Zinalipwa lini? Bei ikipanda huko nje, nasi tunapandishiwa? Je, tutaruhusiwa kuokota kuni, kuchunga kiangazi, kutundika mizinga? Moto ukiunguza msitu, nani anabeba hasara? Na tukitaka kujitoa, njia ipo?

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi ya kijiji bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti na mtendaji wasiitie saini ofisini wakiwa wawili na mgeni mmoja. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mkutanoni mwanzo mpaka mwisho, na mtu asiyeelewa neno aruhusiwe kusimamisha msomaji. Kama siku moja haitoshi, mkutano uahirishwe, mgeni atarudi. Mlioko katika kisomo sasa hamuweki tena dole gumba, basi msikubali kuwekewa karatasi usiku ili isainiwe asubuhi. Nakala moja ya mkataba ibaki katika ofisi ya kijiji, mahali ambapo mwanakijiji yeyote akija na kuiomba, anapewa akae chini aisome.